Bawaba ya Tatu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea tu. Marahaba yako uliondoka nayo, na hakuna uliyemwachia.

Niko Mikumi, nyuma ya gereji, nimekalia tairi la lori lililokwisha. Ni mchana, wenzangu wamekwenda kula kwa mama ntilie, mimi nimesema sina njaa. Karatasi nimeiweka juu ya daftari lako la reli, lile lenye jalada gumu, ili kalamu isitoboe. Jumapili nitakuja kukusomea haya kaburini, na Mama akitaka kuja atakuja. Ila kesho nina jambo la kufanya ambalo hutalipenda, na nimeona si adabu ulisikie kwa watu.

Kwanza habari za nyumbani, maana hukupenda mtu aingie na shida kabla hajaketi. Mama hajambo, kwa maana ya kwamba anaamka. Anapalilia bustani, anakwenda kanisani, anarudi, anakaa kwenye kiti chako halafu anakumbuka na kuhama. Mto umekula tena tuta kule Munisagara na treni zikasimama. Walipokuwa wanakusanya watu wa kwenda kukaza reli, mzee mmoja pale stesheni Kilosa aliuliza, "Kwani Yohana hayupo?" Watu wakamtazama. Akakumbuka, akavua kofia yake na kuivaa tena. Maduka yamejaa, Baba. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni tangu alfajiri sasa imerundikwa mpaka inaziba mlango. Kila kitu ruksa. Wenye nchi walisema ruksa, na wapo walioelewa kwamba hata kutojali nako ni ruksa.

Banda tulimojengea ile ndege limefungwa kufuli. Nilichungulia kwa upenyo wa mbao. Maandishi yangu ya chaki bado yapo ukutani.

Sasa niache niyaseme tangu mwanzo. Unayajua, ndiyo, ulikuwepo. Lakini kesho nitatakiwa kuyasema kwa mpangilio mbele ya mtu mwenye kalamu, na afadhali nikosee mbele yako kuliko mbele yake.

Ulipopunguzwa reli ulikaa mwezi mzima bila kunyoa ndevu. Wewe, uliyekuwa unanyoa hata siku ya homa. Fundi wa breki wa miaka yote ile, umeambiwa asante na kwaheri, unashinda unatengeneza baiskeli za jirani na kuzipaka rangi nyeupe kwenye nati kama vile ni mabehewa. "Nati isiyo na alama haina mwenyewe," ulikuwa unasema. Nilikuwa na miaka saba uliponifundisha hilo. Ulinipa spana kubwa kuliko mkono wangu, nikakaza, ukaja ukajaribu kwa spana yako, ukaniambia, "Imekaa, mama. Ipake rangi." Uliniita mama kwa kuwa jina langu, Loisi, ni la mama yako. Siku ile nilipaka rangi nati, kidole na gauni.

Ndipo akaja Mwekezaji. Namwita hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyomwita wote na yeye mwenyewe alipenda. Alinunua lile shamba la mkonge lililokuwa la serikali, akapaka rangi geti, akafukuza nusu ya wafanyakazi, na akaleta makasha kutoka ng'ambo. Ndani ya makasha mlikuwa na mabomba membamba, vitambaa, bolti na kitabu. Ndege ya kujijengea mwenyewe! Alikuwa amejifunza kurusha huko alikosoma, akataka awe anatoka shambani asubuhi na kunywa chai uwanja wa ndege wa Mikumi, awaonyeshe wageni wake tembo kutoka juu. Akauliza nani ana mkono mwepesi hapa Kilosa. Wakamwambia Yohana wa reli. Ulirudi nyumbani siku hiyo umenyoa.

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kila Jumamosi nilipanda gari la mkonge kutoka Mikumi kuja kukusomea kile kitabu. Kiingereza chako kilikuwa cha shule ya misheni, cha zaburi na hesabu, hakikufika kwenye ndege. Changu kilikuwa cha shule ya ufundi, nacho kilichechemea, lakini kilifika. Mimi nasoma, wewe unafunga. Vile vibao vya nyuma ya mabawa na vya mkiani, vinavyocheza juu na chini, uliviita masikio. "Ndege haisikii maneno," ulisema, "inasikia masikio yake yakivutwa." Sikio la mkia, lile linaloinua na kushusha pua, lilishikwa na bawaba tatu. Kila bawaba bolti yake, nati yake yenye meno, na kotapini yake, ile pini ya miguu miwili inayopita kwenye tundu la bolti na kukunjwa ili nati isijifungue yenyewe kwa mtikisiko. Kitu kidogo kuliko njiti ya kiberiti.

Mle bandani tulikuwa wawili tu na hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Nilikuwa nakwambia, "Baba, hapa kitabu kinasema sivyo," unakuna kichwa, unafungua, unafunga upya. Siku moja nilikuonyesha kwamba umeligeuza sikio zima, juu chini. Ukacheka mpaka ukakaa chini, na jioni ukamsimulia Mama kwa fahari, kana kwamba wewe ndiye uliyegundua. Ndiyo maana sikuelewa ulichonifanyia baadaye mbele ya watu. Mpaka leo sielewi vizuri.

Sheria za ndege ya kujijengea zilikuwa nyingi, ila tatu ulitaka niziandike ukutani kwa chaki, kwa Kiswahili, herufi kubwa, uzione ukiingia. Ya kwanza, kila bawaba kotapini mpya, iliyokwisha kukunjwa isirudiwe. Ya pili, bawaba ikifunguliwa kwa sababu yoyote, watie saini wawili: aliyeifunga, na mwingine ambaye hakuifunga, baada ya kuiona kwa macho na kuishika kwa mkono. Ya tatu, siku za majaribio apande rubani peke yake. Ulisimama ukazisoma kwa sauti kama unasoma somo kanisani. Ukasema, "Hata reli haikuwa na adabu hii."

Mkaguzi wa ndege alipokuja kutoka Dar alikaa siku mbili. Mtu mpole, mwembamba, anayekagua kwa kioo kidogo kama daktari wa meno. Aligusa kila kitu. Alipomaliza akakupa mkono, akasema amekagua nyingi zilizofungwa na watu wenye vyeti na hazikufungwa hivi. Akaniuliza mimi nimesoma wapi. Akaandika jina langu kwenye kitabu cha ndege kuwa mtu wa pili, yule wa kushika na kusaini. Akatoa kibali cha majaribio na kurudi zake. Hapo tulikuwa salama, Baba. Laiti ndege ile ingeruka siku ile ile.

Lakini Mwekezaji alitaka sherehe. Akangoja Jumamosi, akafunga maturubai, akapika pilau, akaita kwaya yetu, akawaalika wakubwa wa wilaya. Na akawaalika wakubwa wako wa zamani wa reli, wawili wa wale waliokusomea ile orodha ya kupunguzwa. Nilipowaona wamekaa mbele na soda zao nilijua siku yako imeharibika. Ulianza kutembea umetunisha kifua.

Saa tatu asubuhi Mwekezaji akaingia kwenye ndege, akavuta usukani, akasema sikio la mkia linasugua. Nikasema tuahirishe. Nilisema, Baba, na ulinisikia. Mwekezaji akatazama saa yake, akatazama wageni, akakutazama wewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini aliyefika ukingoni hakuwa yeye. Ukasema, "Nusu saa tu, bosi." Ukazifungua bawaba zote tatu, mbele ya watu, kwaya ikiimba.

Masanja alileta pini mpya kutoka stoo. Nataka nikukumbushe Masanja, maana yeye ndiye sababu ya barua hii. Mtunza stoo, yule kijana mrefu wa wale wafugaji waliohamia Mvumi kutoka kanda ya ziwa, anayemwamkia kila mtu kwa mikono miwili. Alisimama mbele yako, akafungua kiganja, akahesabu: "Moja, mbili, tatu. Mpya, mzee, za ndege." Ukazichukua, ukazichomeka kwenye pindo la kofia yako ya reli, kama ulivyofanya maisha yako yote. Wewe pini hukuziweka mfukoni. Mfukoni zinapotea, kofiani zipo.

Ukafunga. Ukapaka grisi. Ukakunja pini ya kwanza, ukakunja ya pili. Halafu mmoja wa wale wakubwa wako akaja kukusalimu, akakupiga bega, akasema, "Yohana, kumbe tulitupa dhahabu!" Ukasimama na koleo mkononi, ukacheka naye. Nilikuwa nimekaa hatua tano, na kitabu mapajani. Nilimwona akija, nilimwona akiondoka. Sikuona ulirudi kufanya nini. Nilikuwa natazama uso wako tu, kwa sababu ulikuwa umefurahi, na nilikuwa sijauona hivyo tangu reli.

Ukaniita. "Loisi, njoo saini." Hukuniita mama. Nikaja, nikaweka kitabu chini, nikapeleka mkono kwenye bawaba ya kwanza, kama sheria inavyosema. Ya kwanza niliishika. Ilikuwa sawa. Nikasogea kwenye ya pili, na hapo ukanishika kifundo cha mkono. Si kwa nguvu. Ukasema polepole, kwa sauti ya kuwafikia waliokaa mbele, "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana. Leo unanipapasa kazi yangu mbele za watu?"

Watu wakacheka. Yule mkubwa wako ndiye aliyeanza.

Nikasaini, Baba. Bawaba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina langu lote, kwa mwandiko mzuri.

Heshima si utumwa, ndivyo tunavyofundishwa tangu tukiwa shule ya msingi. Basi niambie siku ile ilikuwa nini. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nafungua breki za malori yanayoteremka kutoka Iringa na matani mgongoni, na madereva wenye ndevu wananingoja mimi niseme nendeni ndipo waende. Nikashindwa kukwambia wewe neno moja, "Ngoja." Sikuogopa kipigo, hukuwahi kunipiga. Nilikuonea huruma. Niliona watakucheka zaidi, na wewe ulikuwa umekwisha kuchekwa vya kutosha. Nakulaumu, Baba. Nimekaa miezi nikilizunguka neno hili na leo nalisema. Nakulaumu kwa ule mkono. Nyumbani ulinifanya fundi, na mbele ya watu wale ukanirudisha kuwa mtoto, kwa ajili ya watu ambao hata kukuzika hawakuja.

Halafu ukataka kupanda. Nikakuonyesha ukuta. Ukasema kwenye reli fundi aliyefunga breki hupanda injini safari ya kwanza, na asiyepanda kazi yake hajaimaliza. Desturi nzuri hiyo, sikatai, imewaponya wengi maana hakuna anayekaza ovyo kitu atakachokalia. Lakini injini ya treni ikisimama inasimama juu ya reli. Mwekezaji hakukukataza. Alicheka, akakufunga mkanda.

Ukavua kofia. Ukanyoosha mkono dirishani ukanipa. "Nishikie, mama, upepo usije ukaichukua." Hapo ndipo uliponiita mama.

Mliruka vizuri. Kwaya iliacha kuimba wakabaki kupiga vigelegele tu. Mlipita juu ya mto, mkazunguka, mkarudi, na niliona mkono wako umetoka dirishani unapunga. Mama alikuwa ananibana bega. Halafu sikio la mkia likapinda upande mmoja, kidogo, kama mlango ulioachia bawaba, na ndege ikashusha pua na haikuinua tena. Mkonge ilipoangukia haukuwa hata mbali. Nilikimbia na miiba yake ikanichana miguu na sikusikia. Mwekezaji alikuwa analia, amevunjika mguu. Wewe hukuwa unalia. Upande wako ndio uliotangulia chini.

Nilikuwa bado nimeshika kofia.

Mkaguzi alirudi siku ya pili ya msiba. Bawaba mbili alizikuta na pini zake. Ya tatu ilikuwa wazi, na bolti yake haikuonekana. Watu walipekua mkonge siku mbili mpaka mikono ikavimba. Akaja nyumbani, akaketi nasi kwenye mkeka, akala nasi kwanza. Halafu akaniita pembeni, akafungua kitabu, akaniuliza taratibu, "Hii saini ni yako. Bawaba ya tatu uliishika kwa mkono wako? Pini ilikuwepo?"

Ndani Mama alikuwa anaomboleza jina lako. Mwekezaji alikwisha kuwaambia watu, akiwa kitandani hospitali, kwamba fundi wa reli ni wa reli tu, ndege angeiweza wapi. Nikamtazama mkaguzi machoni, nikasema, "Ndiyo. Niliishika. Ilikuwepo."

Nilidhani nakulinda wewe. Baadaye, nikifikiri vizuri, nikaona nilijilinda na mimi, na sijui nani nilimtanguliza.

Sasa sikiliza neno moja linavyotembea. Kama pini ilikuwepo na bolti ikatoka, basi pini ilikatika. Kama ilikatika, basi haikuwa ya ndege. Wakaenda stoo, wakakuta kotapini za ndege zimekaa rafu moja na za matrekta, zile za bei rahisi za kununua Morogoro sokoni. Wakauliza nani anashika ufunguo. Masanja. Wakamfukuza siku hiyo hiyo, halafu wakamshitaki kwamba aliuza za kweli akaleta feki. Na mjini watu walivyopokea! Hakuna aliyeuliza mara mbili. "Si mtu wa hapa." "Wale wanauza hata mama zao kwa ng'ombe." Watu wa kanisani kwetu, Baba, waliokula kwenye msiba wako huku Masanja akiwachotea maji. Maana alikuja. Alikaa siku zote tatu, upande wa nje, na hakuna aliyemsogezea benchi.

Na mimi niliwasikia, nikanyamaza. Nilikuwa naamini nusu. Ndivyo uongo ulivyo, ukiurudia sana unaanza kujiuliza labda ni kweli.

Alinikuta stendi hapa Mikumi, wiki chache baadaye. Alikuwa anakwenda kuripoti polisi, kama anavyotakiwa kila wiki. Akaniamkia kwa mikono miwili. Akasema, "Dada Loisi, wewe ulizishika. Wewe unajua zilikuwa nzima. Waambie basi." Hakukasirika hata kidogo. Nikamwambia nitaona. Nitaona! Nikarudi chini ya lori nikakaa huko mpaka wenzangu wakaniita.

Arobaini yako ilipofika tuligawa nguo zako. Koti akapewa mjomba, viatu binamu, na Biblia alibaki nayo Mama. Kofia wakasema ni ya Loisi, ndiye aliyeshika kazi. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari chumbani kwenu tangu siku ile, Mama hakutaka iguswe. Nikaichukua nikaenda nayo uani kuifua. Nikakunjua pindo ili sabuni ifike.

Ilikuwemo, Baba. Pini moja. Mpya, inang'aa, miguu yake miwili imenyooka, haijawahi kukunjwa. Ya ndege.

Mfukoni zinapotea, kofiani zipo.

Nilikuwa nimeishika mkononi. Mliporuka, mlipozunguka, uliponipungia mkono, ile pini ilikuwa mkononi mwangu. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nadhani wanasema mambo ya ndugu na majirani. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia mpaka maji yakapoa. Sikulia. Nilikasirika kiasi kwamba niliitupa kofia kwenye matope, halafu nikaiokota, halafu nikaitupa tena. Uliisahau! Mtu aliyepaka rangi nati za baiskeli, akasahau kwa sababu bwana mmoja mwenye soda alimwita dhahabu. Na mimi ningeigundua kwa kidole kimoja. Bawaba ya tatu ilikuwa mbele ya pua yangu, ningepitisha kidole hiki tu, nikose kuguswa na zile ncha mbili, niseme, "Baba, hapa bado." Ungeona haya kidogo. Wangecheka tena. Na Jumapili ungekuwa kanisani.

Nilimwambia Mama. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, halafu akasema, "Baba yako amelala. Unataka kumwamsha ili umtukane?" Nikamwambia Masanja ana mke na mtoto mchanga. Akasema anajua, ndiye aliyewapelekea uji. Akasema watu wataandika kwenye karatasi za serikali kwamba Yohana alisahau pini, na karatasi ile itakaa miaka mingi kuliko msalaba wa mbao. Hakukosea. Ndivyo itakavyokuwa. Yule Mwekezaji, aliyekwisha kuhamia Dar na fimbo yake ya kutembelea, atasema, "Niliwaambia." Na wale wakubwa wawili wa reli watasema, "Ndiyo maana tulimpunguza." Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote, kwamba watakaofaidi ukweli wangu ni wao.

Lakini kesi ya Masanja inasikilizwa wiki ijayo, na kesho mkaguzi anakuja Kilosa kuchukua maelezo ya mwisho. Mimi ndiye pekee niliyesema pini ilikuwepo. Nikinyamaza, Masanja anakwenda jela kwa pini aliyokupa mkononi, nzima, kwa kuhesabu. Nikisema, wewe unakuwa fundi aliyesahau na mimi ninakuwa mtu wa pili aliyesaini kwa aibu bila kushika na shahidi aliyesema uongo. Wanaweza kunishitaki. Gereji hapa wanaweza kuniambia asante na kwaheri, kama walivyokwambia wewe. Nimelipima kila upande, na kila upande kuna mtu anaumia, ila upande mmoja anaumia asiye na kosa.

Ungekuwa hai ungefanyaje? Nimejiuliza. Yohana wa bandani, aliyecheka mpaka akakaa chini, angekwenda mwenyewe. Yohana wa ile asubuhi sijui. Ninakwenda kwa niaba ya yule wa bandani.

Juzi nilipokuwa naondoka Kilosa, Mama alitoka ndani na kitu amekifunga kwenye kanga yake safi. Hakusema ni nini. Akanikabidhi, akasema, "Usiifue. Grisi yake ibaki." Halafu akarudi kwenye mchele wake. Kofia yako, niliyokuwa nimeiacha uani, ninayo hapa, juu ya goti. Pini nimeirudisha palepale ulipoichomeka, kwenye pindo, upande wa kulia.

Wenzangu wanarudi kutoka kula, nasikia kelele zao. Kuna lori la mbao linaningoja nikaze breki, na hapa gereji sasa ipo sheria yangu ambayo wanaiona ya kichaa: hakuna gari linalotoka mpaka mtu mwingine, awe yeyote, ameingia chini na kushika kila nilichokaza mimi. Siku ya kwanza walikataa. Walisema, "Dada Loisi, tukukague wewe?" Niliwapigia kelele mpaka wateja wakatoka nje kutazama.

Basi lala, Baba. Bado nimekukasirikia na nakukosa kila siku, na sijaona kimoja kikipunguza kingine. Alama yako ya rangi nyeupe nitaipaka kwenye msalaba, pembeni, pale ulipounganishwa kwa nati, maana niliukaza mimi na Mama aliujaribu.

Kesho mkaguzi atanisogezea karatasi na kalamu. Nitamwomba anisubiri kidogo. Nitafungua kanga, nitapitisha kidole kwenye pindo la kofia mpaka nizisikie zile ncha mbili. Safari hii nitashika kwanza, ndipo nisaini.

Ni mimi mwanao, uliyeniita mama,
Loisi